Ushuhuda wa dakika tano: kuuandaa na kuutoa kwenye mialo na mitaa ya Mwanza

Anayetoa ushuhuda Igombe, Kayenze au Kirumba hasemi na wageni. Aliyekaa benchi la mbele ndiye aliyemwazima nyavu mwaka jana, wa nyuma yake ni jirani anayesikia ugomvi wa nyumbani kwake kupitia ukuta, na kesho alfajiri wote watakutana mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotua, wakingoja ile ya dagaa irudi. Kinachosemwa Jumapili kitapimwa Jumatatu. Ndiyo maana mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja: shahidi husema alichokiona, kwa kipimo chake, na hunyamaza pale ujuzi wake unapokomea.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa, maana shahidi wa kanisani na shahidi wa mahakamani ni neno lile lile. Hakimu hamwiti shahidi aje kuhutubia. Yule kipofu wa Yohana 9 alibanwa na Mafarisayo akubali kwamba Yesu ni mwenye dhambi, naye akajibu kwamba hilo yeye hajui. Alijua neno moja tu, kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona. Wakamfukuza, lakini hawakuweza kulivunja neno lake.

Maelekezo haya yanamfaa anayesimama kwenye fellowshipi ya waliookoka, kwenye jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki, kwenye mkesha, au kwenye mkutano wa injili uwanja wa Furahisha. Desturi zinapishana. Kwenye jumuiya ushuhuda huja baada ya kusoma Injili na huwa mfupi, wakati kwenye mkesha mtu anaweza kupewa robo saa na kwaya ikamsindikiza. Kazi ya kuandaa ni ile ile.

1. Uliza kabla ya kushika kalamu

Mwendee kiongozi wa ibada, umuulize mambo manne: nina dakika ngapi, nani watakuwepo, lugha ni ipi, na je, kuna atakayerekodi? Swali la mwisho watu wengi hawaliulizi, kisha wanashangaa kusikia sauti yao kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Kama hukupewa muda, jipe dakika tano. Kwa mwendo wa kuzungumza ni maneno kama 500, yaani kurasa tatu hivi za daftari dogo la shule. Ukiandika sita ukitumaini kwamba utasema haraka, utakatwa katikati, na mara nyingi unakatwa ukiwa bado kwenye dhambi zako, hujafika kwenye rehema.

Kama utatafsiriwa kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita, gawa muda kwa mbili. Dakika tano zinabaki mbili na nusu zako.

2. Kusanya mengi, chagua moja

Keti na daftari dakika 20. Andika matukio kumi ambayo kwayo ulimwona Mungu akitenda maishani mwako, kila moja kwa mstari mmoja tu. Usiyapange wala usiyapambe. Waisraeli walipovuka Yordani waliokota mawe 12 mtoni, wakayasimamisha Gilgali ili watoto wakiuliza maana yake waambiwe (Yoshua 4). Daftari lako ndilo rundo hilo la mawe. Yapo yatakayokuwa makubwa, ubatizo kwa mfano, na mengine madogo kama siku uliyomwomba radhi mkwe wako.

Sasa pita katika orodha ukiuliza kila tukio maswali matatu. Je, nilikuwepo mwenyewe, au nimesimuliwa? Je, naweza kutaja siku, mahali, na kitu kimoja nilichokishika au kukiona? Na je, nani mwingine aliyekuwepo ambaye akinisikia atasema ndivyo ilivyokuwa? Tukio linalojibu yote matatu ndilo la kuanzia. Yaliyobaki yahifadhi, yana siku yake.

Kosa kubwa la hatua hii ni kutaka kusimulia maisha yote: nilizaliwa Sengerema mwaka fulani, baba yangu alikuwa na wake watatu, darasa la nne nikaacha shule. Msikilizaji anaanza kuhesabu miaka badala ya kusikiliza. Paulo mwenyewe, katika Matendo ya Mitume, anarudi kwenye tukio lile lile la njia ya Dameski. Mbele ya umati wa Yerusalemu (sura ya 22) anaongea Kiebrania na kutaja alivyolelewa miguuni pa Gamalieli. Mbele ya mfalme Agripa (sura ya 26) anapanga maneno namna nyingine. Habari ni moja, mlango wa kuingilia unafuata anayesikiliza.

Kuna wanaosema, "Mimi sina ushuhuda, nimezaliwa kanisani, sijawahi kunywa pombe wala kwenda kwa mganga." Hili linatuumiza, kwa sababu limetokana na mazoea ya kuwapigia makofi waliokuwa majambazi peke yao. Aliyedumu miaka 30 akimwombea mumewe asiyeamini, bila kumdharau, ameona mambo ambayo aliyeokoka juzi hajayaona. Asimulie siku moja kati ya hizo.

3. Andika vipande vinne

Kipande cha kwanza ni hali ilivyokuwa, na kisizidi robo ya maneno yako. Cha pili ni tukio lenyewe, nusu nzima. Cha tatu ni kilichobadilika, na muda kilichochukua. Cha nne ni sentensi moja au mbili za shukrani kwa Mungu. Wengi hugeuza vipimo hivi: dakika nne za uovu wa zamani kwa kirefu na utamu wake, kisha "lakini Yesu akanibadilisha, amina." Kijana aliyeketi pale ametoka amejifunza jinsi ya kuiba mashine ya boti usiku, hakujifunza jinsi ya kutubu.

Tazama mfano. Tumeutunga ili kuonyesha kazi, lakini kila mtu wa kambi ya wavuvi ataitambua hali yake. Kwanza namna inayosikika kila wiki:

"Nilikuwa mtu wa dunia, nimetenda dhambi mnazozijua na msizozijua. Shetani alinifunga. Lakini Bwana akanitoa kwenye udongo wa utelezi, akaniweka juu ya mwamba, na sasa nina amani ipitayo akili zote."

Huenda kila neno hapo ni kweli. Ila hakuna aliyeona kitu. Maneno hayo angeweza kuyasema mtu yeyote, wa mahali popote, na mwenye shaka hana pa kushika. Sasa mtu yule yule akiketi na daftari:

"Ilikuwa mbalamwezi ya mwezi wa nane, hatuendi majini. Fedha aliyonigawia tajiri mwenye mtumbwi nilikuwa nimeimaliza kilabuni kwa siku tatu. Mke wangu alikwenda kuwaanikia watu dagaa, jioni akalipwa dagaa wa kopo moja. Akawapika, akawapakulia watoto, akaniwekea na mimi. Hakusema neno. Nilipofunua sahani nikakuta dagaa wangu ni wengi kuliko wa watoto. Sikuweza kula. Nilitoka nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na kilichonijia ni ile habari ya mwana mpotevu niliyoisikia jumuiyani, kwamba baba alimwona akingali mbali. Niliomba kwa mara ya kwanza bila kuombewa na mtu. Pombe haikuisha usiku ule. Nilirudi kilabuni mara mbili kabla ya Krismasi. Tangu Krismasi sijarudi, na mke wangu yuko hapa, muulizeni."

Angalia kilichofanya kazi. Si ukubwa wa dhambi, maana kulewa siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa hawaendi majini, ni jambo la kawaida mno kambini. Ni sahani. Mtu anayeijua njaa ya nyumbani anaiona sahani ile na kuelewa rehema kabla neno "rehema" halijatajwa. Halafu angalia ukweli wa kuanguka mara mbili: umemfungulia mlango kila aliyejaribu akashindwa. Na ule mwisho, "muulizeni," ni wa shahidi asiyeogopa kuhojiwa. Huo uuseme tu ukiwa umekwisha kumuuliza mke mwenyewe kama anakubali kuulizwa.

Ukiandika, futa maneno yanayobeba jambo zima bila kuonyesha kitu: "kwa namna ya ajabu", "siwezi kueleza", "dhambi zote". Mahali pa kila moja weka kitu chenye jina. "Nilikuwa na shida ya fedha" iwe "nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu." Na palipoandikwa "Mungu aliniambia", jihoji: ulisikia sauti, au ulisoma andiko, au ulisikia msukumo moyoni? Andika kile kilichotokea. Kusema "nilisikia msukumo moyoni" hakumpunguzii Mungu chochote.

4. Chuja: yaliyo yako na yasiyo yako

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoacha majeraha. Soma ulichoandika ukipiga mstari chini ya kila mtu uliyemtaja. Kwa kila mmoja una njia tatu: umwombe ruhusa, umfiche asitambulike, au umwondoe. Kumficha kwenye mwalo si rahisi. "Rafiki yangu mmoja muuza samaki mwenye mguu mbovu" ni sawa na kumtaja jina.

*Uchawi.* Kanda ya Ziwa imezika bibi vizee wengi waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka 50. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu ya imani za waganga. Basi hata kama unaamini kwa moyo wote kwamba ulirogwa, usimtaje wala kumdokeza mtu: si shangazi, si mke mwenza, si "jirani wa nyumba ya tatu." Usiseme "Mungu alinionyesha aliyeniloga." Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uchawi, na zaidi ya sheria, usiku ule ule kuna anayeweza kuchukua panga. Sema ulikuwa unaogopa, sema ulikwenda kwa mganga ukatoa mbuzi, sema Kristo alivyoiondoa hofu. Hapo ndipo ushuhuda wako unapokaa.

*Ugonjwa na uponyaji.* Eleza ulichougua, ulivyotibiwa, na ulivyoombewa, vyote pamoja. Anayeficha dawa alizomeza ametoa ushahidi nusu. Tunasisitiza hapa kwa sababu kuna hatari mbili zinazojirudia. Ya kwanza ni VVU. Mtu akitumia vizuri dawa za kufubaza, virusi hupungua hadi kipimo cha wingi wa virusi kisivione. Ni habari njema kweli kweli. Lakini virusi bado vimejificha mwilini, na dawa zikiachwa vinarudi, mara nyingi ndani ya wiki chache. Akisimama kanisani akasema "nimepona, kipimo hakikuona kitu", yuko anayemsikia ambaye kesho atavitupa vidonge vyake ziwani. Ya pili ni kifua kikuu: dozi ya kawaida ni miezi sita, lakini mgonjwa hujisikia mzima wiki chache tu baada ya kuanza, akidhani ndio muujiza umetimia. Anayeacha hapo huweza kuzalisha usugu wa dawa na kuwaambukiza walio nyumbani. Kwa hiyo weka sentensi hii kwenye karatasi yako, kwa maneno yako: "Bado natumia dawa zangu kama daktari alivyoniagiza, na ninamshukuru Mungu kwa hizo pia."

Hali ya VVU ya mtu mwingine usiitaje kabisa, hata ya marehemu mumeo. Ukimtaja yeye, umewataja na watoto. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo.

*Ajali za majini.* Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Makaburi yapo Igoma, na kila mwaka watu huenda kuyaombea. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Ukiacha hizo, hakuna mwaka ambao mitumbwi haipinduki. Wapo wanaoshuhudia: "Siku ile nilichelewa, Mungu alinizuia nisipande." Mshukuru Mungu kwa uhai wako, ni haki yako. Lakini fikiri kwamba kwenye benchi yupo mama ambaye mwanawe hakuchelewa. Sentensi yako inamwambia kwamba Mungu alimzuia mmoja akamwacha wa kwake, nawe hukukusudia kusema hivyo. Ushauri wetu: simulia ulichokiona, taja waliopotea kwa heshima kabla ya kutaja kupona kwako, na usieleze sababu ya wewe kubaki. Hukuonyeshwa sababu hiyo. Kama umepoteza ndugu na unataka kushuhudia jinsi Mungu alivyokushika katika msiba, huo ni ushuhuda kamili, na mara nyingi ndio unaosikilizwa kwa kimya kirefu zaidi.

*Fedha.* "Nilitoa laki moja, wiki haikuisha nikapata milioni." Kama ndivyo ilivyotokea, utausema, lakini usiufanye kanuni, na usitaje kiasi. Mjane aliyesifiwa na Yesu katika Marko 12 alitoa senti mbili, na Injili haisemi alirudishiwa.

5. Tengeneza kwanza

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukavuka hadi Bukoba na kuzunguka ziwa hili, uliacha desturi moja ambayo wazee wa kanisa bado wanaishika: kabla ya kusimama, nenda ukarudishe. Aliyeiba alipeleka kitu, aliyesengenya alikwenda kuungama kwa aliyemsengenya. Zakayo naye alisema atarudisha mara nne.

Kwa hiyo pitia karatasi yako: je, ushuhuda huu unataja deni ambalo hujalilipa? Nyavu za mtu ulizokata? Mtoto uliyemkataa? Kama huwezi kulipa lote, nenda umwone mwenyewe mpange, japo elfu tano kila wiki. Usikubali mtu asikie toba yako kwa kipaza sauti kabla hajaisikia mlangoni kwake. Jambo hili hili ndilo huwavunja moyo wasioamini: "Amesema ameokoka, mbona mashine yangu haijarudi?"

Palipo na jinai nzito, zungumza kwanza faragha na mchungaji au padre, na ikibidi mwanasheria. Ibada ya hadhara si mahali pa kuanzia.

6. Kama jambo halijaisha

Usingoje liishe. Paulo aliomba mara tatu mwiba utolewe, haukutolewa, akashuhudia neema iliyomtosha (2 Wakorintho 12). Zaburi ya 88 inamalizikia gizani na bado iko ndani ya Biblia. Mwanamke ambaye hajapata mtoto, mvuvi ambaye mtumbwi wake haujapatikana, wote wana la kusema. Kanuni ni moja tu: usimalizie hadithi ambayo Mungu hajaimalizia. Usiseme "najua mwakani nitakuja na mtoto mkononi" kwa sababu mkutano unapiga kelele za amina. Mwakani utakuwepo, na wao watakuwepo. Sema ulipo leo.

7. Mazoezi mara tatu

Mara ya kwanza soma kwa sauti peke yako huku simu ikipima muda. Ukizidi dakika tano, kata kutoka kipande cha kwanza, si cha pili.

Mara ya pili msomee mtu aliyekuwepo wakati wa tukio, mke, kaka, mwenzako wa mtumbwini. Mwambie akusimamishe kila unapoongeza chumvi. Atakusimamisha. Siku tatu za kulewa zitakuwa zimekuwa wiki mbili, na upepo wa kawaida utakuwa dhoruba. Kumbukumbu hukua yenyewe kila inaposimuliwa, hata kwa mtu mwaminifu, ndiyo maana unamhitaji wa pili.

Mara ya tatu, simulia bila karatasi. Usikariri neno kwa neno, maana aliyekariri akisahau mstari mmoja hupotea wote. Shika vitu vinne tu, kimoja kwa kila kipande: mbalamwezi, sahani, mara mbili, asante.

Ukiwa na mkalimani, kutana naye siku moja kabla, mpitie maneno magumu: neema, toba, kufubaza. Sema fikra moja kamili, kisha nyamaza. Ukikatiza nusu sentensi, hasa ile inayoanza na "kama nisingali…", mkalimani hana cha kutafsiri na atabuni.

8. Siku yenyewe

Mwaloni, saa ndiyo kila kitu. Wavuvi wa dagaa hurudi alfajiri, wanauza, kisha wanalala. Ukiwaita saa nne asubuhi umewaita wafu. Muda mzuri ni alasiri kabla hawajatoka, na mzuri zaidi ni siku za mbalamwezi, taa zinapokuwa hazivuti dagaa na mitumbwi imelala ufukweni. Lakini ndizo pia siku za kilabu, kwa hiyo anza mapema.

Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Simama ukilipa ziwa mgongo: upepo utabeba sauti yako kwenda kwa watu, na mwili wako utaukinga usiingie kwenye maiki. Kama mwalo unatazama magharibi, jua la alasiri litawachoma watu machoni. Tafuta mti au kivuli cha banda, au simama kwa mshazari. Jenereta liwekwe nyuma ya watu, upande wa nchi kavu, upepo uondoke na kelele zake.

Maiki ishike kwenye mpini, si kichwani, umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni. Ikianza kulia, umesimama mbele ya spika. Rudi nyuma ya mstari wa spika, itanyamaza.

Salamu iwe moja. "Bwana Yesu asifiwe," au "Tumsifu Yesu Kristo," kulingana na wenyeji, kisha jina lako na unapoishi. Kwa wazee wa Kisukuma, "mwadila" ya alasiri hufungua masikio kuliko dakika mbili za kuwashukuru mchungaji, mama mchungaji, wazee wa kanisa na kwaya zote mbili. Kiongozi amekwisha kuwatambua. Baada ya jina, ingia moja kwa moja: "Ilikuwa mbalamwezi ya mwezi wa nane."

Machozi yakija, nyamaza, vuta pumzi, endelea taratibu. Usiombe radhi. Wakianza kuimba kukutia moyo, waache ubeti mmoja.

Ukifika kwenye shukrani, kaa chini. Kuna kishawishi kikubwa cha kuendelea: "Basi ndugu yangu, na wewe uliyeko hapa…" Hapo umeacha kiti cha shahidi ukapanda mimbari. Wito ni kazi ya aliyepewa wito siku hiyo, na atautoa vizuri zaidi akiuanzia pale ulipoishia.

Kwa anayerekodi kwa simu: chumba chenye mapazia au nguo zilizotundikwa hupunguza mwangwi, mvua kwenye bati inaharibu yote, na simu ikae shibiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili herufi "p" na "f" zisipulize. Rekodi ya dakika tatu inasikilizwa hadi mwisho. Ya kumi inaachwa njiani. Kabla ya kutuma, kumbuka kwamba hutaweza kuiita irudi.

9. Baada ya amina

Baki pale nusu saa. Ndipo watu wanapokuja, mara nyingi si mbele za wengine, mmoja mmoja, wakijifanya wanauliza bei ya dagaa. Sikiliza zaidi ya unavyosema. Usiahidi kwamba kwake itakuwa kama ilivyokuwa kwako. Akikwambia anataka kujiua, au anapigwa nyumbani, usimwachie andiko ukaondoka: mpeleke siku hiyo hiyo kwa kiongozi unayemwamini, kituo cha afya, au dawati la jinsia la polisi, na umsindikize mwenyewe.

Ukirudi nyumbani, andika kwenye daftari tarehe, mahali ulipotoa ushuhuda, na lolote ulilogundua ulilikuza kuliko lilivyokuwa. Kama ulisema wiki mbili na ilikuwa siku tatu, rudi Jumapili ijayo umwombe kiongozi dakika moja, urekebishe mbele ya watu wale wale.